Bahasha ya Mteja Namba 208

Hereni yenyewe ilikuwa ndogo, ya dhahabu, ina jiwe la kijani. Ilikuwa imekaa juu ya kaunta ya duka la dobi, katikati ya watu wawili waliopaswa kuoana, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuigusa.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Polisi.

Msishtuke, hakuwa polisi wa serikali. Alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mpokea nguo katika duka hilo kwa mwaka wa nane sasa, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mikono yake. Kazi ya dobi ina sharti moja lisilo na mjadala: nguo haiingii kwenye mashine kabla mifuko yake haijapekuliwa. Kalamu moja iliyosahaulika yaweza kuharibu mashati ya watu ishirini. Kwa hiyo kila koti lililopita pale kaunta lilipekuliwa na Polisi, na kila kilichokutwa, hata kijiti cha meno, kiliandikwa kwenye daftari, kikatiwa kwenye bahasha ndogo yenye namba ya mteja, kikangoja nguo itoke kwenye pasi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mteja kitu cha mwenzake.

"Nakuuliza wewe," alisema tena.

Mwanamume aliyesimama ng'ambo ya kaunta alikuwa mtengenezaji wa lifti, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyoingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa amekuja kuchukua koti lake la kijivu, maana kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, mjomba wake na shangazi yake wangefika nyumbani kwa mama yake Polisi kupanga siku ya harusi.

"Si yako?" Fundi aliuliza.

"Mimi nina hereni ya jiwe la kijani? Umewahi kuniona nayo?"

"Basi sijui, Afande."

"Usiniite Afande leo. Imetoka kwenye bahasha yako. Namba 208. Kila mteja wa kudumu ana namba yake hapa, na 208 ni wewe tangu siku ile ya grisi."

Ah, siku ile ya grisi! Miezi kumi na moja nyuma Fundi alileta koti lenye doa, Polisi akalipekua, akakuta skrubu moja. Akaiandikia bahasha. Fundi aliporudi na kukabidhiwa bahasha yenye skrubu moja ndani, alicheka mpaka akashika kaunta. "Mpaka skrubu?" "Hata ingekuwa nusu skrubu." "Haya, Afande." Tangu wiki ile koti la Fundi halikuja tupu tena. Mfukoni mlikuwa na vikaratasi. *Afande, umevaa njano, lifti zangu zote zimekwama.* *Afande, unakula mchana saa ngapi?* Na mwezi uliopita: *Afande, naomba unifunge kifungo cha maisha.* Hicho kilisomwa kwa sauti na mpiga pasi wa duka, mwanamke wa makamo aliyeitwa Redio kwa kuwa mdomo wake haukuwa na pa kuzimia, na duka zima likapiga makofi.

Leo hata Redio alikuwa kimya. Alikuwa nyuma ya pazia na pasi yake ya mvuke, akinyoosha kola moja kwa dakika ya tano.

"Sikiliza," Fundi alisema. "Jumatano nilileta koti mwenyewe. Ulilipekua mbele yangu, hapa hapa. Ulikuta kikaratasi changu, ukasoma, ukatabasamu. Hereni ilikuwa wapi?"

"Mfuko wa ndani. Huwa naumalizia mteja akishaondoka."

"Unakumbuka kuikuta?"

Polisi aligeuza bahasha upande wa namba. Alikuwa anaandika bahasha arobaini kwa siku. Nani anakumbuka bahasha?

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Namba ni yako. Nikumbuke nini zaidi?"

"Ukumbuke mimi ni nani."

"Ndilo ninalouliza! Wewe ni nani? Maana wiki hii simjui mtu huyu. Miezi kumi na moja unanuka grisi, nimezoea, nimeipenda mpaka nikiisikia mahali nageuza shingo. Wiki hii unanukia maua."

"Kesho nakwenda mbele ya mama yako! Nimesugua hii mikono kwa sabuni ya shangazi mpaka ngozi imetoka. Tazama."

Hakutazama. Angetazama, angelia.

"Na simu? Jumatano ilipoita ukatoka nje."

"Ni shangazi huyo huyo. Akiongea kwenye simu anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Nilikuonea haya."

"Wote husema hivyo hivyo."

"Wote nani?" Fundi aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, hereni ikabaki katikati. "Yule karani wa posta? Uliniambia mwenyewe. Ulimwacha kwa sababu ya tiketi ya basi iliyokuwa mfukoni mwake. Na yule muuza miwani ulimwacha kwa namba ya simu, ikaja kuonekana ni ya fundi bomba."

"Sikujua ni ya fundi bomba."

"Hukutaka kujua. Nimekaa nikawaza, kwa sababu kazi yangu ni kukaa na kuwaza kitu kimeharibika wapi. Yule wa posta ulimwacha lini?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Lini?"

"Wazee wake walikuwa wanakuja Jumapili."

"Na yule wa miwani?"

Wazee wa muuza miwani nao walikuwa wamekwisha kata tiketi.

"Umeona?" Fundi alisema polepole. "Wiki ya wazee. Kila mara wiki ya wazee. Mimi ndiye wa tatu, na sijui kama ulikuwa unanipenda au ulikuwa unaningojea mlangoni."

Jamani, kuna maneno yanayouma kwa sababu si kweli, na kuna yanayouma zaidi. Polisi alimpenda huyu mtu. Alipenda anavyokuna kidevu kwa kidole gumba kabla ya kusema jambo, alipenda anavyokula kwa pupa halafu anaona haya. Lakini kadiri alivyompenda ndivyo vidole vyake vilivyozidi kuwasha, na wiki hii, baada ya Fundi kumpigia simu Jumanne asubuhi kumwambia "wazee wamekubali, Jumamosi saa nne", vilikuwa vinamwasha hata akiwa amelala. Sasa alikuwa na sababu, ya dhahabu, mbele ya macho yake. Angeiachaje?

"Nitajie jina lake," alisema. "Nitajie tu, nijue, nipumzike."

Fundi alimtazama. Jicho lake halikuwa la mtu aliyefumaniwa wala la mtu mwenye hasira. Lilikuwa limechoka.

"Koti libaki," alisema. "Nitawapigia wazee wasije."

Alingoja. Polisi angesema "usiwapigie", mambo yangeishia hapo. Lakini vidole vyake vikacheza na ukingo wa bahasha, na Fundi akafungua mlango, kengele ikalia, akaenda zake.

Redio alitoka nyuma ya pazia kabla kengele haijatulia.

"Umeangalia daftari?"

"La nini?"

"La nini! Wewe ambaye hata kikipotea kifungo unafungua daftari? Leo linavunjika ndoa, hulifungui?"

"Redio, kapige pasi."

Kisha wazo likamwingia, na likishamwingia mtu mwenye shaka halitoki kwa hodi. Kubandika bahasha kwenye nguo zilizokwisha pigwa pasi ilikuwa kazi ya nani? Ya Redio. Nani aliyekuwa peke yake nyuma jana Alhamisi? Nani huzidisha kicheko Fundi akija?

"Wewe ndiye uliyebandika hii bahasha," Polisi alisema.

"Nabandika kilichoandikwa. Koti 208, bahasha 208."

"Ulikuwa peke yako."

Redio aliweka mikono kiunoni. "Hee! Mwanangu, mimi nina wajukuu wanne na magoti mawili mabovu. Siku nikitafuta mwanamume nitatafuta wa kunibebea mizigo, si wa kutengeneza lifti. Shuku wengine."

Akawashuku wengine. Jioni hiyo, jikoni kwa mama yake, alimkuta mama ameketi kwenye kigoda anachambua mchele wa kesho, wa wageni. Polisi alimwambia kila kitu akiwa amesimama. Mama hakuinua kichwa mpaka aliposikia neno hereni, na alipoinua, loo, uso wake ulikuwa na nuru ya mtu aliyeshinda kesi.

"Nilikwambia."

"Mama."

"Nilikwambia tangu siku ya kwanza. Mtu wa lifti! Leo ghorofa hii, kesho ghorofa ile, nani anajua ameteremkia wapi? Ukasema ana moyo mzuri. Moyo hauonekani, mwanangu, mfuko unaonekana. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alianza kurudisha mchele kwenye mfuko wake, konzi kwa konzi, bila haraka. Polisi alimtazama, na lile wazo la dukani likainua kichwa tena. Jumatano mchana mama alikuwa amemletea chakula kazini, akapita nyuma ya kaunta.

"Mama, Jumatano uliingia kule nyuma, si ndiyo?"

"Niliingia kunawa."

"Koti la Fundi lilikuwa limetundikwa hapo hapo kwenye sinki."

Mikono ya mama ilisimama. "Unanishuku mimi?"

"Nauliza."

"Unanishuku mimi, mama yako?" Halafu, badala ya kukasirika, akatabasamu. "Vizuri. Ndivyo nilivyokulea. Macho yako hayo ndiyo yaliyoniokoa mikononi mwa baba yako."

Sentensi hiyo Polisi alikuwa ameisikia maisha yake yote. Mama aliisema mbele ya majirani, mbele ya shangazi, aliisema kwenye sherehe ya kumaliza shule. Na kila alipoisema, binti alisimama wima kama askari anayevishwa nishani. Leo, kwa mara ya kwanza, aliketi sakafuni.

Alikuwa na miaka sita. Baba alikuwa akirudi kazini, naye alikuwa akimkimbilia mlangoni na kutia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti lake, kwa sababu mfuko mmoja lazima ulikuwa na peremende. Huo ndio uliokuwa mchezo wao. Baba aliinua mikono juu kama aliyekamatwa na kusema, "Nipekue, mkubwa." Siku moja kulia hamkuwa na kitu. Kushoto mlikuwa na soksi. Soksi moja ya kufumwa, nyeupe, ndogo, ndogo sana hata mguu wake mwenyewe usingeingia. Alifurahi mno. Alikimbia nayo mpaka sebuleni, ambako mama alikuwa ameketi na majirani wawili, akapiga kelele, "Mama, baba ameniletea soksi ya mwanasesere!"

Wiki haikuisha baba akaondoka, akaenda kwa yule mtoto aliyekuwa na soksi moja.

"Mama," Polisi alisema, "nisingeileta ile soksi, baba angeondoka?"

"Maswali gani haya?"

"Angeondoka?"

Mama alifunga mfuko wa mchele kwa kamba, akafungua, akafunga tena.

"Mimi nilikuwa najua," alisema mwishowe. "Nilijua kabla ya soksi, mwaka na zaidi. Nilikuwa nimejifanya sijui, nikaona naweza. Lakini wewe ukaileta mbele ya watu. Mbele ya watu mtu hawezi kujifanya." Akapangusa vumbi la mchele magotini. "Wakaanza kunipa pole. Nikawaambia, mwanangu ana macho. Afadhali kuwa na mtoto mwenye macho kuliko kuwa mke aliyeachwa. Nenda kale, chakula kinapoa."

Polisi hakula.

Jumamosi alikwenda kazini. Kwa nini asiende? Hakuna mgeni anayekuja. Saa mbili na nusu, kabla hata mashine za kufulia hazijawashwa, aliingia mwalimu wa muziki, mteja wa miaka mingi, mama mwenye kofia, akaweka tiketi yake juu ya kaunta.

"Nimefuata koti langu la zambarau, binti. Na hereni yangu."

"Hereni?"

"Ya jiwe la kijani. Sikio lilinivimba Jumanne njiani, nikaivua nikaitia mfukoni. Nikasema haina neno, nguo zangu ziko kwa Polisi."

Redio, ambaye mpaka hapo alikuwa akipiga pasi na kuimba, aliacha vyote viwili.

Polisi aliinama chini ya kaunta na kutoa daftari. Alilifungua polepole sana, kama anayefungua mlango wa chumba asichojua kuna nani. Jumatano: 208, karatasi moja. Hicho kilikuwa kikaratasi cha Fundi, na hakuna kingine chini yake. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Jumanne. Mwandiko wake, herufi zake zilizonyooka, kalamu yake ya bluu: *Hereni moja, dhahabu, jiwe la kijani. 208.*

Jumanne.

Namba ya mwalimu wa muziki ilikuwa 519. Alisoma tena. Ingekuwa 208 na 280 angelaumu macho. Lakini 519? Na Jumanne koti la Fundi halikuwa limeingia dukani. Lilikuwa bado kwake, kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku nzima kabla Fundi hajaleta nguo, mkono wa Polisi ulikuwa umekwisha kumwandikia kosa na kulitia kwenye bahasha.

"Nani amekushika mkono?" Redio alinong'ona begani mwake. Alikuwa amesoma naye.

"Hakuna."

"Jumanne ndiyo ile siku uliimba. Alipokupigia simu kwamba wazee wanakuja. Uliimba mpaka nikakwambia punguza. Furaha ile, halafu ukaandika hivi?"

"Sikumbuki, Redio. Nakuapia sikumbuki."

Alikuwa amemshuku Fundi, akamshuku Redio, akamshuku mama aliyemzaa. Mtu mmoja tu hakumpekua. Alitazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya ukurasa, ukiwa mtulivu, kucha safi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ukamtia hofu.

Alimkabidhi mwalimu hereni yake, akamwomba radhi mara tatu, mama wa watu akashangaa radhi ya nini. Kisha akachomoa koti la kijivu kwenye hanga.

"Nenda," Redio alisema. "Kaunta nitasimama mimi. Atakayeniletea kalamu mfukoni shauri yake."

Fundi alikuwa kwenye jengo refu la ofisi, mtaa wa tatu kutoka dukani, ambako lifti ilikuwa imegoma tangu alfajiri. Polisi alimkuta chini, sanduku lake la vifaa liko wazi, anapangusa mikono kwa kitambaa. Hakushtuka kumwona. Alitazama koti lililovikwa mfuko wa plastiki, kisha akamtazama yeye.

"Nataka kuijaribu," alisema. "Ingia kama unapanda."

Mlango ukajifunga, lifti ikaanza kupanda. Ilikuwa ndogo, na humo ndani harufu ya grisi ilimpokea Polisi kama mtu wa nyumbani.

"Hereni ni ya mteja mwingine," alisema mara moja, asije akakosa ujasiri. "Niliandika namba yako mimi. Jumanne, kabla hujaleta koti. Hakuna aliyenituma na sikumbuki kuandika. Sikuja kukuomba unielewe, kwa sababu mimi mwenyewe sijielewi. Nimekuja kukwambia hukukosa. Aliyekosa ni huu."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, kama mtu anayemleta mtuhumiwa.

Fundi alikuna kidevu kwa kidole gumba. Lifti ikapita ghorofa ya tatu, ya nne.

"Watu wakipanda humu," alisema, "wanabonyeza kitufe, wanadhani kitufe ndicho kinachowapandisha. Kumbe mashine iko juu kabisa, kwenye chumba kilichofungwa. Hata mwenye jengo hajawahi kukiingia. Lifti ikigoma wanakipiga kitufe ngumi."

"Na mimi nina chumba hicho?"

"Nani hana?"

"Basi najua kilichomo kwenye changu," Polisi alisema. "Kuna soksi."

Akamsimulia. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote kwa namna hii, bila macho yaliyomwokoa mama, bila ushindi. Alimsimulia mlango, mikono ya baba iliyoinuliwa juu, mfuko wa kulia mtupu, wa kushoto wenye soksi, furaha yake, na ukimya wa majirani. Alisema, "Ninapompenda mtu, mkono huu unajua kwamba ataondoka. Unaona afadhali umfukuze wenyewe kabla sijazoea." Alisema, "Nilimfukuza baba."

Lifti ilisimama ghorofa ya nane. Mlango ukafunguka, hapakuwa na mtu, ukajifunga.

"Afande," Fundi alisema.

"Naam."

"Ulikuwa unatafuta peremende."

Jamani. Miaka ishirini na mitano aliitwa mwenye macho, aliitwa mwokozi, aliitwa Polisi, na hakuna aliyemwambia hilo. Alilia palepale, kwa sauti, uso umezama kwenye ovaroli la grisi, na Fundi alimshika kichwa kwa viganja vyake vilivyochubuka kwa sabuni ya shangazi.

"Nimekuchafua," alisema alipoona paji la uso la mpenzi wake.

"Nitasafisha mwenyewe, ndiyo kazi yangu." Akafuta pua. "Wazee uliwapigia?"

"Nimeshika simu tangu jana jioni. Mkono haukutaka kubonyeza." Akacheka kidogo. "Na wangu nao una mambo yake. Wako njiani, Afande. Saa nne."

"Mama hajui! Ameshafunga mchele!"

"Atajua mlango ukigongwa."

Alivua ovaroli. Ndani alikuwa na shati jeupe, limepigwa pasi, la mtu ambaye hakuwa amekata tamaa. Polisi alimvisha lile koti la kijivu, akamnyoosha kola. Fundi akaanza kuhamisha vitu vyake kutoka ovaroli kwenda mfuko wa koti: bisibisi fupi, skrubu mbili, na mwisho karatasi iliyokunjwa mara nne.

Polisi aliiona. Fundi akaona kwamba ameiona.

Haikuwa na ukubwa wa vile vikaratasi vyake vya kila wiki. Ilikuwa kubwa zaidi, na kupitia nyuma ya karatasi ilionekana kwamba imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ni ya nini? Nani ameiandika? Kwa nini leo? Ilizama mfukoni, na ncha yake moja ikabaki nje.

"Unataka kuiona," Fundi alisema.

"Nataka."

"Sana?"

"Mpaka vidole vinauma."

Fundi aliinua mikono yake juu polepole, mfuko ukabaki wazi, na akangoja. Hakuwa anamtega. Alikuwa anampa ruhusa, na Polisi alijua, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka kama ulivyonyanyuka maelfu ya mara, ukafika mpaka kwenye kifuniko cha mfuko. Aligusa ile ncha ya karatasi.

Akaisukuma ndani ikazama yote.

"Shusha mikono," alisema. "Tutachelewa."

Alibonyeza kitufe cha chini. Kisha akauchukua ule mkono wake wa kulia, akaupitisha kwenye kiwiko cha Fundi, ukashika kitambaa cha koti kwa nje, nao ukabaki hapo ghorofa zote nane.